Fumbwe Aliyempendeza Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku. Asubuhi akirudi kwetu, mtaa wa Doornfontein, tulikaa uani, tukanywa chai na kuongea. Hapo uani nilizoea kuwawekea shomoro sahani ya mtama. Kiangazi kimoja akaja fumbwe dume, ndege mdogo mweusi na mweupe, mdomo mwekundu, mkia mrefu kuliko mwili wake. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu yakaisha; mume wangu alimkodolea macho yeye tu.

Fumbwe yule aliwafukuza shomoro wote, hata njiwa waliomzidi ukubwa, na mwenyewe alidonoa punje chache tu.

"Humwoni anavyowaonea wenzake?" nilimwuliza mume wangu.

"Namwona, mke wangu. Lakini tazama mkia huo."

Jana yake nilikuwa nimeshinda kwa msusi wa Kikongo nikisukwa nywele. Hakuziona. Nikamchukia ndege yule kama mke mwenza.

Baridi ilipoingia, fumbwe akapukutisha mkia, manyoya yakageuka ya kahawia, akawa anakula katikati ya shomoro kwa adabu.

"Eish, ndege wangu kaenda wapi?" mume wangu aliuliza.

"Ndiye yule mwenye mdomo mwekundu."

Akamtazama kidogo. "Yule? Hapana," akasema, akarudi kwenye chai yake na kuniuliza habari za kazi yangu ya kushona. Nikamsimulia taratibu, bila kumbishia juu ya ndege. Nilifurahi, ingawa nilijua kiangazi kitarudi na mkia utaota tena.