Kijikaratasi Ndani ya Sanduku la Bunduki

Usiku ule Leota Hostetter hakupata hata lepe la usingizi. Simu ya bintiye ilikuwa mezani, kando ya pai tatu za maboga zilizokuwa zikipoa, na kila mara aliigusa ili iwake. Neno lilikuwa lile lile kwa siku ya kumi na moja: Inakaguliwa.

Iliyokuwa ikikaguliwa huko mbali kiwandani ni bunduki ya bintiye huyo, Kaylin. Msichana huyo wa miaka kumi na sita alisafisha zizi la ng'ombe la jirani kwa viangazi viwili ili ainunue. Jumamosi msimu wa kulungu ungefunguliwa, siku ambayo katika bonde lile hakuna anayethubutu kupanga harusi. Ingekuwa mara yake ya kwanza kupanda mlimani na bunduki yake mwenyewe.

Ila ndoano ndogo inayovuta ganda la risasi ilikuwa imekatika. Hilo ni la waranti, kiwanda hutengeneza bure, kila mtu alisema. Shida ilikuwa triga, kile kifyatulio cha kuvuta kwa kidole: ukibadilisha kipande mwenyewe, waranti hufa. Orrin, mdogo wake Leota, aling'oa triga ya kiwandani akafunga nyingine ya kununua, nyepesi kuvuta. Ndoano ilipokatika, akafanya kama wafanyavyo wote pale. Kila nyumba ina kopo la kahawa lenye vipande vya asili vya bunduki. Bunduki ikiharibika, vya dukani hufichwa, vya asili hurudishwa, nayo huenda kiwandani na sura ya malaika.

Leota alikuwa mpishi wa shule, na masomo yake yaliishia darasa la tisa. Lakini macho alikuwa nayo. Aliona skrubu imekwaruzwa. Kabla ya sanduku kuondoka, aliandika: "Triga ilibadilishwa, kisha mdogo wangu akairudisha ya zamani. Tafadhali iangalieni. Atakayeitumia ni mtoto." Akakisukuma kijikaratasi chini ya sponji, asimwambie mtu.

Saa kumi alfajiri neno likabadilika.

"Kaylin! Imetumwa! Amka, imetumwa!"

Kaylin akashuka ngazi pekupeku, nywele timtim. "Wameitengeneza?"

"Haijasema. Imetumwa tu."

Kulipopambazuka Orrin akaja kunywa kahawa, kama kila siku. Akaitazama simu, akacheka. "Hata wakikataa wanairudisha, mpwa wangu, na ubovu wake. Lakini wakatae kwa nini? Hawajui kitu."

"Wanajua," Leota akasema, akiangalia chini. "Niliwaandikia."

Orrin akaweka kikombe. "Uliwaandikia nini?"

"Yote."

"Dada! Si bora ungenifunga kamba ukanitia sandukuni!"

"Mama, umenimaliza," Kaylin akasema, machozi yakimlengalenga. "Miaka miwili ya mavi ya ng'ombe! Miwili!"

 Leota mwenyewe alikuwa amejilaumu hivyo hivyo kwa siku kumi na moja.

Saa tatu simu ikalia. Kaylin akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie.

"Nazungumza na mama wa kijikaratasi?" Sauti ya mwanamume, yenye mafua. "Napiga kutoka kiwandani."

"Ndiye mimi," Leota akasema.

"Ndoano ilikuwa na kasoro yetu tangu mwanzo. Triga haihusiani nayo kabisa. Tumeweka mpya, waranti iko pale pale."

Kaylin akaruka hadi pai zikatikisika.

"Subirini. Triga yenyewe ilirudishwa vibaya. Kwa kazi ya ndoano tu nisingeifungua. Nilisoma maneno yako, nikaifungua, kisha nikaigonga bunduki kwa nyundo ya mpira. Ikafyatuka mara mbili, bila kidole. Nimeifunga upya. Mkirudisha ile ya dukani, chochote itakachoharibu ni juu yenu. Na aliyeifunga, mwambieni aachie wengine."

"Anakusikia," Leota akasema.

Simu ikakatika. Orrin alikuwa mweupe kama unga. Akamtazama mpwa wake kuanzia utosini hadi vidoleni, kana kwamba anamhesabu viungo. "Ningekuwa nimekaa pembeni yako, Kay," akasema. "Nikikuonyesha pa kulenga."

Kaylin akamkumbatia mama yake kwa nguvu hadi aproni ikafunguka. "Mama! Iko njiani! Iko njiani kweli, nzima!"

"Niache nipumue, mwanangu," Leota akasema, huku akicheka.

Kesho yake, Ijumaa, Orrin akiwa kwenye kahawa yake, breki za lori zikalia nje. Kaylin akawahi mlangoni, akachungulia dirishani, akageuka. "Dereva anataka mtu mzima atie sahihi!"

"Mjomba wako asiguse kitu," Leota akasema. Akafuta mikono kwenye gauni, akavuta komeo, akafungua mlango wazi kabisa.