Namba Yangu Mkononi mwa Bibi Harusi

Naomba mnicheke sasa hivi mmalize kabisa, maana tukifika katikati mtanicheka vibaya zaidi na mie moyo wangu mwepesi. Tangu siku ile, nikipita karibu na chuo kile najifunika mtandio mpaka puani, na wala sio kwa sababu ya vumbi.

Mie kazi yangu ni kupaka piko. Shule niliishia kidato cha nne (matokeo mama aliyakunja akayaweka chini ya godoro, hatujayazungumzia tena mpaka leo), lakini nikikushika kiganja utadhani maua yameota yenyewe. Na ndoto ninazo jamani, saluni yangu mwenyewe Mbezi Luis, kiyoyozi, viti vya kuzunguka, maharusi foleni mpaka barabarani. Kwa sasa nina kiti kimoja cha plastiki barazani kwetu Kimara, na wateja ananiletea Mungu.

Sasa Jumatano moja nikaitwa kumpaka Zuhura, binti wa mtaa wa pili, anasoma mwaka wa tatu chuoni, harusi yake Jumamosi. Alikuwa ameshawekwa ndani kama mwari, mara chuo kikabadilisha ratiba, mtihani wa Takwimu ukaangukia Alhamisi. Somo yake, Bi Mwanaidi (ndiye aliyekuwa anamfunda, mama mkali kama pilipili mbuzi), akakubali shingo upande.

"Nenda, lakini maua hayo asiyaone mtu kabla ya mumeo. Mikono ya baibui ishushe mpaka kwenye kucha."

Nikapaka. Nilipofika kwenye kifundo cha mkono nikawaza, harusini kila mtu atashika mkono huu aulize nani kapaka, na mie sitakuwepo kujibu, si ningeacha alama kidogo? Basi nikaiingiza namba yangu ya simu katikati ya majani, ndogondogo, sifuri nikaifanya kitumba, saba nikaifanya kikonyo, yaani nilijisikia msomi. Zuhura sikumwambia. Nilijua angekataa, ndiyo maana.

Alhamisi mchana simu ikaita, kilio tu. "Dada, piko lako limeniponza!"

Kumbe kwenye chumba cha mtihani msimamizi kamwona binti anaandika huku mikono ya baibui imefunika vidole, na kila akikwama swali anainua kidogo anachungulia, anatabasamu, anaendelea. (Alikuwa anaangalia maua yake apate moyo, maskini!) Msimamizi akamwambia pandisha mkono tuone. Zuhura akajibu, "Siwezi, sir, mpaka mume wangu aone kwanza." Darasa zima likaangua kicheko, msimamizi akajua anadhihakiwa. Akaitwa mhadhiri wa kike, mkono ukapandishwa, ukapigwa picha, na katikati ya majani zikaonekana tarakimu. Mtihani wenyewe wa Takwimu! Walimwacha amalize, lakini akaambiwa afike mbele ya kamati, na ikithibitika kaingia na majibu, anafukuzwa chuo, miaka yote mitatu imekwenda na maji. Kwa kuwa Jumamosi ni harusi, mwenyekiti wa kamati akakubali wamsikilize Ijumaa asubuhi.

Nikasema naenda naye, ila habari ya namba nikaimeza. Nikavaa gauni la Idi, viatu vya kuazima, mkoba wa mama. Njiani nikawa naiona kabisa picha yangu, mtaalamu naeleza mambo ya piko, wasomi wanatikisa vichwa. Bi Mwanaidi akabaki kwenye benchi nje ya mlango, anamung'unya dua.

Mwenyekiti alikuwa mama mtu mzima, miwani kwenye ncha ya pua. Nikamwamkia shikamoo yeye, na msimamizi, na katibu, na kijana aliyekuja kuweka maji mezani (mdogo wangu kabisa yule, akaitikia marahaba bila aibu).

Picha ya mkono ikawekwa mezani, imekuzwa, ua langu kubwa kama sinia. Msimamizi akasimama na kalamu. "Tarakimu tatu za mwisho, Mwenyekiti, ndizo jibu la swali la nne. Hizi za katikati bado nazifanyia kazi."

"Zuhura, tarakimu hizi za nini?"

"Sijui, Mama. Nilidhani ni vikonyo."

Wote wakanigeukia. Mie, mtaalamu, nikasema, "Huo... huo ni mtindo mpya."

"Mtindo unaoanza na sifuri?" akauliza Mwenyekiti.

Nikamtazama Zuhura. Wala hakuwa ananitazama mie, alikuwa anafuta machozi kwa mkono wa kushoto ili ule wa kulia usiharibike maua. Bado anayatunza maua yangu!

"Mama," nikasema, "ipigie hiyo namba."

Akanitazama juu ya miwani. Akachukua simu yake, akabonyeza tarakimu moja moja akifuata picha. Mara kutoka kwenye mkoba wa mama, jamani, singeli ikalipuka, na juu yake sauti yangu mwenyewe niliyojirekodi: "Mikono yako, maua yanguuu! Njoo Kimara, usipitweee!" Nikavuta zipu, zipu imekwama. Nikaukalia mkoba, ikawa inaimba chini yangu. Katibu akauliza, "Na wimbo niuandike kwenye kumbukumbu za kikao?" Mwenyekiti alikuwa kainamia meza, mabega yanamtikisika, na simu hakati!

Bi Mwanaidi kusikia ngoma, akajua tumeshinda. Akapiga vigelegele, akafungua mlango anakata mauno, ndipo Zuhura, uso umemvimba kwa kulia, akamwambia ni namba ya nani.

Mauno yakasimama. "Wewe mtoto! Mwari wangu umemfanya ukuta wa choo? Kila mpita njia aandike namba yake?"

Zuhura hakufukuzwa. Msimamizi alimpa mkono wa kheri, akayaona maua kabla ya bwana harusi, Bi Mwanaidi akafumba macho. Mie nilipelekwa moja kwa moja kuifunika ile namba kwa waridi moja jeusi, kubwa, na nikasikia bwana harusi aliuliza mbona mkewe kachorwa kabichi. Zuhura alininunia mpaka fungate likaisha, ndipo akanitumia picha ya matokeo yake. Takwimu kafaulu. Chini kaandika, "Swali la nne nilikosa, dada, mwambie sir."

Siandiki tena kitu kwenye ngozi ya mtu, hata nukta. Saluni yangu ikifunguliwa Mbezi Luis, namba nitaibandika ukutani, kubwa, kwa rangi nyekundu. Ukuta haufanyi mtihani.