Mume Wangu na Saluni ya Dada wa Kucha

Nilimpigia mume wangu simu akiwa katikati ya maongezi na mchepuko wake. Ikaita hapo hapo, ameibandika sikioni!

Alishtuka nusura aiangushe. Mimi nilikuwa ng'ambo ya barabara, nyuma ya meza ya muuza vitabu, nimejifunika mtandio mpaka puani.

Ngoja nianze mwanzo, maana mtasema nina wazimu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona mapazia. Mume wangu ni mtunza stoo kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Ana miaka hamsini na minne, mpole, hana makuu. Starehe yake ni sigara tu. Kutoka kazini kwake mpaka nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu.

Ghafla ukawa wa dakika hamsini.

Nikimuuliza, jibu ni moja: "Foleni."

Foleni ya nini, na mtu anatembea kwa miguu?

Halafu akaanza kulala na soksi. Nikimgusa mguu, anauvuta. Akienda kuoga anajifungia kwa komeo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya miaka yote ya ndoa yetu.

Siku moja mdogo wangu wa kike akaja kunipasulia jipu.

"Dada, mimi sitaki maneno. Ila shemeji namwona kila jioni amesimama nje ya saluni ya yule dada wa kucha. Anachekelea simu kama kijana."

Yule dada wa kucha! Yule ambaye hata pazia la mlango wake nimemshonea mimi kwa mikono yangu hii!

Moto uliniwaka. Nikaanza kumfuatilia mume wangu.

Siku tatu za mwanzo niliambulia patupu, maana alinipotea kwenye watu. Ya nne nikamkamata vizuri. Alitoka kazini anatembea sawasawa. Baada ya maduka machache akapunguza mwendo, akasimama kwenye duka la redio, akainama kuzitazama. Redio za nini? Tunazo mbili ndani na zote mbovu.

Akaendelea. Alipofika saluni akasimama tena, akatoa simu. Midomo inacheza, kichwa kinatikisika, anacheka.

Ndipo nikapiga.

Alitazama jina langu, hakupokea. Akaitia simu mfukoni, akasogeza lile pazia, akaingia ndani.

Sikumbuki nilivyovuka barabara. Nakumbuka honi, na mtu wa pikipiki akinitukana. Mkobani nilikuwa na mkasi wangu wa kazi. Nilipofika mlangoni nilikuwa nimeushika mkononi.

Nikavuta pazia.

Mume wangu alikuwa kwenye stuli, kiatu kimoja kimevuliwa, suruali imekunjwa mpaka gotini. Jasho linamtoka. Ameshika kigimbi cha mguu wa kushoto kwa mikono miwili, meno ameyauma.

Dada wa kucha alikuwa amechuchumaa mbele yake. Alinitazama mimi, akautazama mkasi, akarudi kuutazama mguu.

"Wewe ndiye mkewe? Afadhali umekuja. Njoo uone."

Nilimtolea tusi ambalo siliandiki hapa.

"Tukana baadaye," akasema. "Shika huu mguu. Haya, shika na huu."

Sijui kwa nini nilitii. Wa kulia ulikuwa na joto la kawaida. Wa kushoto ulikuwa baridi kama umetoka kwenye maji ya kisima.

Mkasi niliuweka chini mwenyewe.

"Mimi nashika miguu ya watu mwaka wa kumi na tano huu," dada akasema. "Tazama vidole, vinyweleo vimeisha. Ngozi inang'aa. Kucha zimekuwa nene, hazikui. Kaka, inua mguu."

Akauinua. Unyayo ukawa mweupe. Alipoushusha, ukarudi taratibu na wekundu wa ajabu, wekundu usiopendeza.

"Na hapa." Akatenganisha vidole viwili vya mwisho. Palikuwa na kidonda kidogo kama punje ya mahindi, ukingo wake mweusi. "Kina wiki sita hakiponi. Kila siku namwita ndani nikisafishe, namwambia nenda hospitali. Hataki!"

"Watanikata," mume wangu akasema.

Alisema kwa sauti ndogo sana. Kaka yake aliingia hospitali na miguu miwili, akatoka na mmoja. Nilikuwa nimesahau kabisa.

"Na simu? Unaongea na nani?"

"Siongei na mtu. Nikitembea kidogo, kigimbi kinabana kama kinakamuliwa. Nikisimama dakika tatu kinaachia. Sasa mwanaume mzima nisimame tu barabarani, watu wananishangaa?"

Hasira zote ziliniishia. Hofu ndiyo ikanishika, na hofu ilikuwa mbaya zaidi.

Dada wa kucha alifunga saluni palepale, akatuitia gari.

Daktari alikuwa mwanamke, si mtu wa maneno mengi. Alitafuta mapigo ya damu juu ya mguu kwa vidole vyake. Akatafuta tena. Nikawa namtazama usoni nione kama ameyapata, na uso haukubadilika. Akampima presha mkononi, kisha akafunga kile kipimo juu ya kifundo cha mguu.

"Mkononi mia na arobaini. Mguuni hamsini na tano," akasema. "Damu haifiki huku chini. Mishipa imeziba, na sigara imechangia sana. Mngekaa wiki mbili nyingine, tungekuwa tunaongelea mguu mzima."

Akachukua kalamu.

"Haya maumivu ya kutembea yalianza lini?"

"Miezi kumi sasa."

"Miezi kumi! Na hukumwambia mtu?"

Mume wangu akanitupia jicho. Daktari akarudia swali.

"Nilimwambia mke wangu. Wiki ile ile ya kwanza."

Nikataka kubisha. Kisha nikakumbuka. Nilikuwa kwenye cherehani, kazi ya watu imenibana. Akaja akasema, "Mke wangu, mguu unanibana nikitembea." Nikacheka. Nikamwambia, "Uzee huo, babu wee! Au nikubebe mgongoni?"

Na yeye alicheka. Hakuniambia tena.

Walimzibua mshipa. Kidole cha mwisho kiliondoka, mguu ukabaki. Sigara ameacha, na daktari amemwagiza atembee kila siku, akibanwa apumzike, kisha aendelee. Tunatembea wote.

Sasa nyie mnaosoma, nisikilizeni. Mtu wako akisema mguu unambana akitembea na kuachia akisimama, mshike miguu yote miwili. Mmoja ukiwa baridi kuliko mwenzake, au una kidonda kisichopona, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Usimwambie ni uzee. Mimi niliambiwa wa kwanza kabisa, nikacheka.