Sauti Iliyoitikia Wimbo wa Sombe

Kama unataka kucheka, cheka sasa, umalize, halafu unisikilize. Jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, nikiwa macho, tumbo limeshiba, mchana kweupe. Najua visa vya namna hii hupenda usiku na makaburi. Changu kilinikuta nikipanga viti.

Tena mimi si mtu wa kutishwa ovyo. Baba yangu anaendesha malori, asili yetu ni Maniema, na nyumbani kwetu Dilala, mtaa wa Kolwezi, habari za mizimu zilikuwa za kulazia watoto. Nilisoma saikolojia Lubumbashi, nikarudi Kolwezi na kichwa kimejaa vitabu, nikapata staji, yaani mafunzo ya kazini, katika kikundi kidogo kinachotibu watu kwa muziki. Mama yangu aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. "Masomo yote ile, sasa unaenda kuimbia bagonjwa?" Niliona haya, sikufichi.

Tulikuwa tumekodi chumba Kasulo. Kama hupajui, Kasulo ni mtaa ambao watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, sebuleni, jikoni, hata chini ya kitanda. Ardhi ilitoa mali, na ardhi ikachukua watu. Waliokuja kwetu walikuwa wanawake walioachwa na mashimo hayo: wajane, na akina mama waliopoteza watoto. Walikaa kwa duara, sisi tukaleta ngoma na gitaa.

Msimamizi wangu alikuwa Tata Kalenga, mzee mpole mwenye vidole virefu. Alinifundisha jambo moja lililo kubwa kuliko yote. Mgonjwa aliyenyamaza usimsukume. Mwimbie mstari mmoja anaoujua, kisha nyamaza, umwachie nafasi ya kuitikia. Ngoja. Akikaa kimya leo, kesho mwimbie tena, na umwachie tena. Alikuwa akisema, "Nafasi njo dawa," yaani ndiyo dawa, "sauti ni kijiko tu." Mimi kunyamaza hakukuwa fungu langu, waulize wa kwetu, lakini nilijifunza.

Basi akaletwa Mama Ngalula. Mwanawe wa pekee, Mukendi, aliingia shimo lililokuwa chini ya nyumba ya jirani, udongo ukashuka. Walichimba kumtafuta mpaka kuta za nyumba zikaanza kupasuka, wakaacha. Baadaye shimo likafukiwa na yeye ndani yake. Tangu siku ile mama yake hakusema neno. Dada yake, Mama Ntumba, alimshika mkono kumleta, akamkalisha, akamnywesha uji kwa kijiko, na nusu ya uji ukarudi kidevuni.

Hawa ni watu wa Kasai, wazee wao waliletwa huku zamani kufanya kazi ya migodi. Kwao mtu akifa, kwenye matanga anaimbiwa kasala. Anaitwa kwa jina lake, na jina la baba yake, na la babu yake, na mambo aliyoyatenda, huku watu wakilia, mpaka ajulikane anakokwenda kwamba ni mtoto wa nani. Ndugu walitaka kumfanyia Mukendi hivyo. Mama Ngalula aliwafungia mlango. Hajaona maiti, basi hakuna matanga.

"Akikatala kulia, atakufa," Mama Ntumba aliniambia pale nje. "Uangalie mikono yake. Anaisha."

Niliiangalia. Kweli alikuwa anakwisha. Nikajiambia, huyu hafi mikononi mwangu.

Nikamuuliza Mama Ntumba, dada yako alipenda kuimba nini nyumbani? Akanifundisha wimbo wa kutwanga sombe, yaani kisamvu. Maneno yake ni ya Kiluba, lakini maana yake ni hii. Mmoja anauliza: *Nani anatwanga pamoja nami?* Mwingine anaitika: *Ni mimi, niko hapa.* Ni hivyo tu, mchi unapanda, mchi unashuka. Sikuuliza zaidi. Laiti ningeuliza! Lakini nani huuliza, katika wimbo wa majani ya muhogo, ni nani anayesema na ni nani anayejibu?

Siku iliyofuata Mama Ntumba alikwenda sokoni, Tata Kalenga alikuwa na mkutano, nikabaki na wanawake peke yangu. Nikakaa mbele ya Mama Ngalula, nikapiga ngoma taratibu kama mchi, nikaimba: *Nani anatwanga pamoja nami?* Nikanyamaza, nimwachie nafasi. Kimya. Nikaimba tena, nikanyamaza tena.

Ikaitika sauti ya mwanamume.

Niamini. Haikutoka mlangoni wala dirishani. Ilitoka chini, kwenye kona, pale saruji ilipokutana na ukuta: *Ni mimi, niko hapa.* Sauti ya kijana, nzito kidogo, ya mtu anayeimba akiwa ameinamia kazi. Mwanamke mmoja aliokota viatu vyake akaondoka, na hakurudi tena. Wengine walishika misalaba yao. Mama Ngalula aliinua kichwa. Midomo ikatikisika, na neno lake la kwanza tangu msiba likatoka.

"Tena," akasema.

Ungefanya nini wewe? Niliimba tena.

Tata Kalenga nilipomweleza, alisema chini ya Kasulo kumetobolewa kote, labda kuna wachimbaji wa kujificha wanaotusikia na kufanya mzaha. Maelezo yalinitosha, kwa sababu nilitaka yanitoshe. Mama Ngalula alianza kula. Alikula bukari, yaani ugali, akaomba na samaki. Akaoga, akajifunga kitenge kizuri, akawa anakuja peke yake bila dada yake, na kufika kabla mlango haujafunguliwa. Watu wakanisifu, stajieri wetu ana mkono mzuri, na kichwa changu kikavimba. Kila tulipokutana aliketi karibu na kona ile, mimi nikauliza, sauti ikaitika, naye akatabasamu. Akaanza kuleta bukari kwenye sahani yenye kifuniko, akaiweka pale chini, na maji ya kunywa pembeni.

Ila sauti ilikuwa inabadilika. Ilichelewa zaidi, na ikawa kavu. Mimi nimefundishwa kusikiliza, nikasikia. Nikanyamaza, kwa kuwa mama alikuwa anapona.

Mchana mmoja mvua kubwa ilishuka, ile ya huku inayogeuza barabara kuwa mto mwekundu. Nilikuwa peke yangu nikipanga viti, nikijua watu watachelewa. Niligeuka kuchukua kiti kingine, nikamwona kijana ameketi chini kwenye kona, magoti kifuani, karibu na sahani ya jana ambayo haikuguswa. Mlango haukulia. Nje mvua ilikuwa inapiga bati hata husikii mawazo yako, na yeye alikuwa amejaa vumbi jekundu, vumbi kavu kabisa, kwenye nywele, kwenye nyusi. Kichwani alikuwa na mkanda wa tochi, tochi yenyewe haipo.

Aliniita yaya, kama kijana wa kwetu anavyomwita dada yake mkubwa. Hiyo ndiyo iliyonimaliza, heshima yake.

"Yaya, mi nilishachoka," alisema.

Nikamuuliza yeye ni nani, ingawa nilijua.

"Mukendi. Benzangu ba mu shimo balishaenda, bote. Mi napanda kila mara munaniita. Mama akiuliza, mutoto anaitika. Nitakatala namna gani?"

Nilimwambia mama yake amepona kwa sababu ya sauti yake. Anakula. Akitoweka, mama atakufa. Nilisema hivyo nikilia, wala sikujua nimeanza kulia saa ngapi.

"Hapana. Anilie," akasema. "Aniite na jina ya baba, na ya babu yake. Batu ba kule habanijue. Kisha muchunge mama, yaya. Asitwange peke yake."

Nikamuuliza kama aliumia. Aliangalia mikono yake, nami nikaiangalia. Hazikuwapo kucha. Zilikuwa zimesagika zote, na vidole vimechakaa kama vya mtu aliyekwangua ukuta kwa muda mrefu. Sikuuliza tena. Nilifumba macho, nilipofumbua kulikuwa na sahani na maji tu.

Mama Ntumba, ambaye siku nyingi hakuwa amekuja, alifika wa kwanza, kalowa. Nilimsimulia mlangoni. Hakushtuka. Aliniuliza tu, "Ile wimbo, weye uliimba fasi ya nani?"

Nikasema niliimba swali, nikamwachia dada yako jibu.

Akajishika kichwa. "Aa, mutoto ya batu! Swali ni ya mama. Jibu ni ya mutoto. Bilikuwa hivyo tangu Mukendi akiwa mudogo, mama anauliza, Mukendi anaitika. Ulikamata fasi ya mama, ukabakisha fasi ya Mukendi wazi. Weye njo ulimuita."

Mtoto yeyote wa Kasai angelijua hilo. Mimi, na diploma yangu, sikulijua. Nilikuwa nimemwachia nafasi mtu asiyekuwa mgonjwa wangu.

Mama Ngalula akaingia, akatikisa mvua kwenye kitenge, akaketi mahali pake. Wengine walikuwa hawajafika. Akaniambia, "Imba."

Nikapiga magoti mbele yake. "Mama, Mukendi amechoka."

"Weye una mutoto?"

"Hapana, mama."

"Basi nyamaza."

Akanipokonya ngoma. Kwa mara ya kwanza akaimba mwenyewe, kwa sauti yake ya kweli, sauti ya mwanamke anayemwita mtoto aje jikoni: *Nani anatwanga pamoja nami?*

Tulingoja. Mvua ilikuwa imepungua. Ikaja kutoka mbali, chini sana: *Ni mimi, ni...* Kisha kikohozi, kile cha mtu mwenye vumbi kifuani, kikaendelea na kuendelea. Halafu sauti ikajaribu tena kumaliza neno lake, ili asimwache mama yake bila jibu.

Mama Ngalula aliweka ngoma chini. "Anakohoa," alimwambia dada yake. Alisema hivyo kama mama yeyote anavyosema. Kisha akavua kitambaa cha kichwa, akashuka kwenye saruji, akanyoosha miguu, akapiga viganja mapajani.

"Mukendi wa Kabongo!" aliita. "Kabongo wa Tshibangu! Mukendi mwenye kunichotea maji bila kutumwa! Mukendi mwenye kucheka kanisani!" Mama Ntumba akaitika, akalia, wanawake wengine wakafika mmoja mmoja wakaketi chini pamoja nao, hata wasiojua Kiluba. Alimwita mpaka koo likakauka. Alimtaja baba yake Mukendi aliyetangulia kufa, amfungulie mlango. Mimi nilikaa ukutani, na kwa mara ya kwanza tangu nianze staji ile sikutafuta chochote cha kufanya. Nililia tu kama mtu wa nyumba ile.

Sauti haikuja tena. Ndugu waliweka matanga, wakazika shati lake, na Mama Ngalula alimlilia siku zote za kulilia.

Hakufa. Anauza mikate ya kukaanga sokoni Dilala, na amenenepa kidogo. Mimi nilimaliza staji, nikapewa alama nzuri, sasa nafanya kazi hii Fungurume, na wagonjwa wangu huniona mtu wa maswali mengi. Kabla ya wimbo wowote nauliza: nani aliuimba, na nani aliitika? Nimejifunza kusikiliza, ndiyo, ila masomo hayo sikuyalipia mimi. Nikirudi nyumbani napita kumsalimu. Ananipokea vizuri, ananifungia mikate. Lakini haimbi. Sombe ananunua iliyokwisha kutwangwa, na nilipomwomba siku moja tutwange pamoja, kwa kuwa niliagizwa asitwange peke yake, alinijibu kwa upole, "Uniache, mwanangu. Ulinirudishia, ukaniondolea."

Mara moja tu aliniuliza habari ya mchana ule. Alishusha sauti wateja wasisikie. "Ile siku ulimuona, alikuwa na njaa?"

Nikasema hapana, mama, alikuwa ameshiba. Habari ya kucha zake sikumwambia. Na wewe ukipita pale sokoni ukanunua mikate kwa mama mmoja mnene mwenye macho ya mbali, tafadhali, usimwambie.

Nakuonya hivi, wewe unayependa kuimba nyimbo za watu ukiwa jikoni. Tunaambiwa wafu ni wakali. Yule niliyemwona hakuwa mkali hata kidogo. Alikuwa mtoto mtiifu, na ukimwita kwa maneno ya mama yake atapanda, hata akiwa amechoka, hata kama hana tena pumzi ya kukujibu. Ukiona wimbo una nafasi ya mtu aliyekwenda, iimbe nafasi hiyo wewe mwenyewe, au uache wimbo huo.