Leo nimemuita bwana yangu mwizi

Leo nimemuita bwana yangu mwizi, na makosa ni yangu.

Saa sita mi niko nauzisha ndagala, bale samaki badogo, hapa soko ya Baraka. Simu inalia. Ni mesaji ya Baba Asukulu: "Nakupenda sana, ua la moyo wangu."

Bandugu, tuko na miaka makumi mbili na saba ya ndoa. Baba Asukulu anaandikaka "Niko njiani", basi.

Nikamujibu: "We mwizi, rudisha simu ya bwana yangu."

"Ni mi, Mama Asukulu. Pasteri alitufundisha tuandikie bake zetu maneno matamu."

"Kama ni we kweli, tulionana wapi mara ya kwanza?"

Akajibu:

"Kwa mtumbwi wa kutoka Ubwari. Ulitapikia viatu vyangu vipya. Nikasema, huyu nitamuoa."

Nikakaa chini. Mama wa meza ya pembeni akaniuliza kama kuna kifo.

Nikaandika: "Sawa. Ukirudi, leta sabuni."

Amefika sasa hivi na sabuni mkononi. Yuko anaonyesha majirani simu: "Muke wangu ameniandikia barua ya mapenzi."

Bamama, kwenu munajibuka nini?