Mlima wa Kwenda kwa Mama

Nilipokuwa mnene watu walinisifu, na sifa zenyewe zilinichosha kuliko mwili. Miaka ile ya sabini mume wangu alikuwa na duka Keumbu, nami nilishinda nyuma ya kaunta na chai ya maziwa, sukari tele, mkate kando. Haba na haba hujaza kibaba, nami nikajaa. Wateja waliniambia duka limenikubali. Mume wangu tukipita sokoni alijivuna kama amenunua ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wa maziwa mengi. Nani aliuliza habari za mapaja yaliyochubuka, au magoti yaliyoniuma kila tuliposimama kanisani kuimba? Hakuna.

Mimi shida yangu ilikuwa mlima. Kwetu ni upande wa Ekerenyo, na nyumba ya mama iko juu kabisa. Basi linakuacha sokoni, kutoka hapo ni miguu yako. Mama naye hangeweza kuja kulala kwa mkwewe. Kwetu hiyo ni aibu, hata akiwa na hamu gani ya kumwona binti yake. Nisipopanda mimi, hatuonani.

Mara ya mwisho nilipojaribu, pumzi ilikata katikati ya njia nikakaa kwenye nyasi. Mama akapata habari, akateremka na kikapu kichwani, mzee yule, akanilisha ndizi pale kando ya njia huku watu wakipita na kutusalimu. Nililia kwa hasira. Mwaka uliofuata akaanguka shambani akaumia nyonga, na kuteremka kukaisha.

Daktari mjini Kisii alisema presha iko juu, nipunguze kula na nitembee. Kusema ni rahisi! Nilishika barabara asubuhi kabla ya kufungua duka, na kila gari likasimama kunipa lifti. Nikikataa, wananiuliza kama nimegombana na mume. Sukari niliiacha, nikairudia, nikaiacha tena. Mandazi yalinishinda mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Nguo zilipoanza kulegea ndipo balaa ikaja. Wakasema duka limefilisika. Wakasema mume ana nyumba nyingine. Naye mwenyewe akaniomba, kwa ule upole unaoudhi, ninenepe kidogo tu kwa ajili ya heshima yake. Halafu Sabato moja alasiri wanawake wa kanisa wakaja kuniombea, na sufuria ya uji, ndizi za kupika na maziwa lala. Walimsihi Mungu kwa machozi aniondolee ugonjwa ambao hawakuutaja, kisha wakanikalia mpaka nile. Jamani, chakula cha maombi unakikataaje? Nilikunywa uji, nikaongezwa, nikashukuru. Walipotoka nilipiga meza kwa kiganja hadi vikombe vikaruka. Nilitaka kuacha yote. Lakini kila nikifikiria kuacha nilimwona mama ameketi huko juu, akingoja binti asiyeweza kufika, basi asubuhi nikashika barabara tena.

Siku niliyopanda nilisimama njiani mara nyingi, lakini sikukaa chini. Mama alikuwa mlangoni akipeta wimbi. Aliponiona aliweka uteo chini, akanishika mkono juu ya kiwiko, akaubinyabinya kama anatafuta kilichopotea.

"Mwanangu," akasema, "umekuja kuniaga?"

Nilimweleza. Daktari, presha, kutembea asubuhi, sukari. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyozidi kulia, akisema watu wanaokufa husema hivyohivyo, kwamba wako sawa. Nilikuwa nimehangaika miaka miwili ili nimwone, na sasa ananililia matanga nikiwa nimesimama mbele yake! Hasira zikanipanda. Nikachukua mtungi uliokuwa ukutani, nikateremka hadi kisimani bondeni, nikaujaza, nikaupandisha mlima ule kichwani. Nilihema, jasho likanitoka, shingo ikaniuma, lakini nilifika nikautua miguuni pake.

Mama aliangalia mtungi, akaniangalia mimi. Akajifuta macho kwa kanga.

"Mgonjwa hawezi hivyo," akasema. Kisha, bila hata kunipa pole: "Basi leta mwingine. Tangu niumie nachotewa na watoto wa jirani, na wanamwaga nusu njiani."

Nilinung'unika mteremko mzima. Sijawahi kufurahi vile.