Ulimi wa Mkulo

Mti wa mkulo ukipitishwa msumeno hutoa harufu ya dawa ya kuchua kifua, ile anayopakwa mtoto mwenye mafua kabla ya kulala. Nikiisikia hata leo, hujiziba pua kabla sijakumbuka kwa nini. Kwetu ni kijiji kilicho kati ya Bumbuli na Mponde, ambako mwezi wa saba ukungu hupanda asubuhi kutoka kwenye mashamba ya chai na hauondoki mpaka saa sita, na nguo zilizofuliwa Jumatatu huvaliwa Alhamisi zikiwa bado na ubaridi. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi. Karakana ya baba ilikuwa nyuma ya nyumba, kuta za mabanzi na sakafu ya maranda laini kuliko godoro langu, na humo ndimo nilimojifunza kuhesabu kabla ya kwenda shule.

Baba alijulikana kwa masanduku yasiyo na msumari. Pembe zake aliziunga kwa meno: ubao huu unachongwa meno na mapengo, ule nao vivyo hivyo, kisha zinaingiliana kama vidole vya mtu anayesali. Aliyachonga kwa msumeno na patasi, akipima kwa jicho tu. Kabla ya Pasaka ya mwaka ule alipigwa na kiharusi. Alirudi kutoka hospitali akitembea vizuri, lakini mkono wa kulia ulikuwa mzito na patasi ikawa inamponyoka. Mjomba, aliyekuwa mlinzi Tanga, akatuma neno kwamba kuna geti jingine linatafuta mtu. Sisi watu wa milimani tukisema fulani ameshuka, huwa hatuulizi atarudi lini. Ndipo shule moja ya bweni ikataka masanduku ya wanafunzi, na mwalimu wa stoo akaahidi kuja Ijumaa kuona moja la mfano. Likimridhisha, kazi yote ni ya baba. Lisipomridhisha, baba anashuka. Mama aliyasema hayo akichambua maharage, bila kuinua macho, nami nikayabeba kama ndoo iliyojaa pomoni, nikiogopa hata kugeuza shingo.

Baba alikuwa na ruta, mashine ndogo ya umeme yenye kisu kinachozunguka, aliyoinunua kuukuu Lushoto mjini. Aliifunga kichwa chini, upande wa chini wa meza ndogo, kisu kikachungulia juu kwenye tundu. Mashine haitetemeki, alisema, ila haijui kuhesabu, kwa hiyo lazima itengenezewe kigezo. Jumatatu tukakitengeneza, mimi nikiwa mkono wake wa kulia. Kilikuwa ubao uliosimama juu ya meza, wenye pengo moja lililokatwa na kisu hichohicho, na kando ya pengo, umbali wa jino moja kamili, kijiti chembamba kilichochomoza mbele. Hicho alikiita ulimi. Unakata pengo la kwanza, unalivalisha kwenye ulimi, unakata la pili, unalivalisha nalo, hivyo hivyo mpaka ubao uishe, na meno yanatoka sawa bila kupima tena. Ulimi tuliuchonga kutoka ubavu wa kitanda cha mkulo cha marehemu bibi. Niliupiga msasa, baba akaujaribu, nikaupiga tena, mpaka ukaingia kwenye pengo la ubao wa majaribio kama mguu kwenye soksi. Akaniambia ukipungua hata unene wa karatasi, sanduku zima litaharibika. Kisha akaunusa na kusema, kama anayejisemea, "Lakini mti wenye unyevu haufai kuaminiwa."

Kabla hatujakata ubao wa kwanza wa sanduku umeme ukakatika, ukakaa hivyo siku tatu. Baba akaenda kulala, mimi nikabaki na neno unyevu. Kila nilipotazama dirishani niliona ukungu, na kila nilipoona ukungu niliuona ukiingia ndani ya ulimi. Mtoto mwingine angeuliza. Kuuliza si ujinga, nilifundishwa hivyo, lakini niliogopa kwamba swali langu lingempa baba wasiwasi, na wasiwasi ungemzidishia ugonjwa, na ugonjwa ungemshusha Tanga. Nyumbani kwetu mbegu za mahindi huning'inizwa juu ya meko, moshi uzikaushe na kufukuza wadudu. Kila kitu kinachotakiwa kudumu hupelekwa huko. Basi jioni ile nikafungua skrubu mbili, nikauchomoa ulimi na kuuchomeka katikati ya mahindi. Alhamisi asubuhi, kabla ya shule, nikaurudisha. Machoni ulikuwa uleule, ila ulinuka moshi.

Umeme ulirudi mchana. Baba alitaka kuuongoza ubao mwenyewe, kwa mikono yote miwili, na nilipotoka shule nilimkuta ameshakata mbao zote nne, jasho likimtoka katika baridi ile. Tukaziunganisha. Meno matatu ya kwanza yaliingia. La nne likagoma, na kufikia la kumi na mbili jino lilitazamana na jino. Ubao ulikuwa umecheza kwenye ulimi, mara huku, mara kule, kidogo tu kila jino. Mbao nyingine kavu hazikuwapo. Baba akaweka gundi, akagonga kwa nyundo ya mti, akaziba mianya kwa unga wa mbao. Ijumaa mwalimu wa stoo akalizunguka sanduku, akaingiza ukucha kwenye pembe na kusema, "Fundi, sanduku lako lina meno ya mzee." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa anatania. Baba akacheka pamoja naye, akamsindikiza mpaka barabarani, akarudi akakaa juu ya maranda.

Baada ya wiki moja alichukua ubao tuliofanyia majaribio Jumatatu ile, akalivalisha pengo lake kwenye ulimi. Likakaza barabara. Akautazama ulimi, kisha akautazama mkono wake. "Ulimi ni mzima," alimwambia mama. "Ni mkono." Nilikuwa nimesimama mlangoni na galoni ya maji. Leo najua kwamba moshi ulikuwa umeusinyaza ulimi, na wiki ya ukungu ilikuwa imeuvimbisha tena mpaka kipimo chake cha kwanza. Wakati ule nilijua tu kwamba kosa langu limejifuta, na kwamba nikinyamaza hakuna atakayeliona. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu yalikuwa pacha wa kosa, yalikuja siku ileile. Baba alishuka kwa basi la asubuhi, patasi zake zikiwa zimefungwa kwenye gunia chini ya meza, na hajazifungua tena.

Nilimaliza chuo miaka miwili iliyopita. Barua ya kuomba kazi naisoma mara kumi na moja kabla ya kuituma, na nikishaituma naisoma tena. Mwezi huu wa saba nimerudi nyumbani, nikauchukua ulimi na kuuweka juu ya meko siku tatu, kama zamani. Nilipouvalisha pengo la ubao ule wa majaribio, karatasi mbili za daftari zilipenya pembeni. Nikampigia baba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ukungu umeamkaje?"

Nikamweleza yote, haraka, bila kupumua. Nikasikia pikipiki ikipita kwake.

"Siku tatu?"

"Siku tatu, baba."

"Juu kabisa ya moto, au pembeni?"

"Juu kabisa. Kwenye mbegu."

"Kumbe mkono haukuwa na kosa," akasema, polepole. Kisha gari likapiga honi, akasema anafungua geti, simu ikakatika.

Hizo ni siku nne sasa. Zamani niliogopa kwamba baba ataondoka. Leo naogopa kwamba hatakuja, na naogopa pia kwamba atakuja, mvi kichwani, afungue gunia la patasi mbele yangu na kuuona mkono aliounyima kazi miaka kumi na minne kwa sababu yangu. Nimechonga ulimi mpya kutoka ubavu uleule wa kitanda. Nimeuacha juu ya meza, mbali na moto, na simu kando yake. Kila asubuhi naujaribu kwenye pengo. Leo umekaza. Simu haijaita.